Vidole Vilivyokataliwa

Mimi ni mlinzi wa geti la kiwanda cha sabuni, na kazi yangu ni kuandika. Watu wanadhani mlinzi kazi yake ni kirungu. Kirungu ninacho, kimeegemea ukuta mwaka wa saba huu na hakijampiga hata panya. Kinachonichosha ni kalamu. Kila kinachoingia na kila kinachotoka nakiandika kwenye daftari kubwa: mtu, gari, pipa, saa. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna siku daftari hilo lilisaidia, na mpaka leo kuna watu ofisini wanajifanya hawajui.

Lakini habari hizi si zangu, ni za mwanamke wa usajili. Chumba chake kimeshikana na kibanda changu, na dirisha lake liko pembeni tu mwa kiti ninachokalia. Kwa hiyo niliyoyasikia si umbea; ukuta ndio mwembamba.

Wafanyakazi humwita Dada Kidole. Ana miaka thelathini na kitu, mwepesi wa miguu, na kutulia hajui. Ukimpa kiti anakalia ncha. Ndani ya saa moja anaweza kutoka chumbani mara sita, achungulie foleni, arudi, afute kioo cha mashine, atoke tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilimwambia siku moja kwamba akiendelea hivyo atamaliza sakafu ya kampuni. Akanijibu kwamba nikiendelea kukaa hivyo nitamaliza kiti. Ndivyo tunavyosalimiana.

Kazi yake ni kupokea waajiriwa wapya na kuhakikisha kila mmoja ndiye mwenyewe. Mtu anakuja na kitambulisho chake, anaweka dole gumba juu ya kioo, na mashine inalilinganisha na alama iliyohifadhiwa siku alipoandikishwa kitambulisho hicho. Ikiwaka taa ya kijani, ameajiriwa, na dole hilohilo ndilo litakalomfungulia geti kila asubuhi. Ikiwaka nyekundu, arudi siku nyingine. Nyekundu ya siku ya tatu, jina linafutwa, na haruhusiwi kuomba tena mpaka miezi sita ipite.

Hebu fikiria mtu mzima amesimama pale na kitambulisho chenye sura yake, pua ileile, kovu lilelile, halafu kidole chake mwenyewe kinamkana mbele ya foleni nzima. Nimewaona wakitoka. Wengine hucheka kicheko kisicho na furaha. Wengine hutoka wanakitazama kidole njia nzima, wanajikwaa. Mama mmoja aliniuliza kama inawezekana mtu kuibiwa alama usingizini. Sikuwa na jibu, na mimi kukosa jibu sipendi.

Meneja yeye jibu alikuwa nalo. Kwake kila taa nyekundu ilikuwa mjanja aliyekuja na kitambulisho cha mtu. Hata hivyo wajanja walizidi kuwa wengi, viwanda vya jirani vikawa vinatunyang'anya watu, na wakubwa wake wakaanza kuuliza. Akamwita Dada Kidole, akamwambia idadi ya wanaokataliwa ishuke. Ishuke vipi, hakusema.

Mwingine angejikunja. Yeye akanunua daftari, akalipiga mistari: saa, umri, kazi ya zamani, kidole gani, kikavu au kibichi, taa gani. Kila aliyekanyaga chumba kile aliandikwa, aliyepita na aliyekwama. Ikawa hana raha tena. Alihesabu wakati wa chakula, kijiko mkono huu, kalamu mkono ule. Mara moja nilimkuta amesimama katikati ya njia ya malori akinong'ona tarakimu, ikabidi nimpigie filimbi ahame.

Wiki ya tatu ya kuhesabu, dada yake mkubwa akaja kuomba kazi ya kufungasha.

Huyu dada mtu alikuwa mfuaji. Mama yao alipofariki aliacha shule, akaanza kuzunguka nyumba za watu kufua kwa mkono, mashuka, mapazia, majinzi magumu, miaka tisa bila kupumzika. Kwa kufua huko Dada Kidole alisoma mpaka chuo. Aliniambia mwenyewe, akitembea huku na huku mbele ya kibanda changu. Sasa mgongo wa dada ulikuwa umegoma. Daktari alimwambia aache kuinamia beseni la sivyo kuna asubuhi hatainuka. Kufungasha ni kazi ya kukaa, na nafasi zilikuwa zimebaki chache. Dada akiikosa hiyo, angerudi kuinama tu, maana tumbo halijui habari za daktari.

Siku ya kwanza alikuja amevaa gauni la heshima, viatu vimepigwa rangi. Akanawa kwenye beseni la mlangoni, kama kila mtu.

Beseni hilo lina hadithi yake. Miaka miwili nyuma kioo cha mashine kilikuwa kikijaa masizi na mafuta ya mikono, na Dada Kidole ndiye aliyependekeza kila mtu anawe kwanza. Meneja alifurahi sana. Akatoa amri yaletwe makombo ya sabuni, vile vipande vinavyokatwa kwenye ncha za miche kabla sabuni haijakomaa, maana ni vya kutupwa na havina gharama. Tangazo likabandikwa: NAWA VIZURI KABLA YA KUGUSA MASHINE. Wenzetu wanaokata ile miche huvaa glavu, tena nene. Nasi tuliwaona kila siku na glavu zao, na hakuna hata mmoja aliyewaza. Kwetu pale sabuni ndiyo baba na mama. Nani angemshuku mamaye?

Dada mtu akanawa, akafuta, akabonyeza. Nyekundu.

Mdogo wake hakumpendelea wala kumwonea haya. Akaandika, kisha akamtoa nje akamnong'oneza kwamba mikono yake ina ukoko wa kazi, akaisugue vizuri nyumbani, asubuhi na jioni. Akamfungia kipande kizima cha sabuni ile ile ya beseni ndani ya karatasi. Wakati anatoka getini nilimwona dada amekishika kwa mikono miwili.

Siku ya pili, Jumatatu, nyekundu tena.

Hapo Dada Kidole akawa kiguu na njia. Chumba hakimtoshi, uwanja haumtoshi. Siku mbili nzima sikumwona akimaliza kikombe cha chai. Jumatano mchana, foleni ilipoisha, akaja kibandani na daftari lake kifuani.

"Mzee, nisaidie kufikiri," akasema. "Nimehesabu watu mia mbili na kumi na wanne. Sitini na watatu wamekataliwa. Wafuaji naelewa, waashi naelewa, mikono yao imelika. Lakini kuna mabinti wametoka shule juzi, viganja laini kama unga, nao wamekataliwa. Na kuna mwashi mwenye mkono kama tupa kapita papo hapo. Halafu kuna siku tatu hizi hapa, karibu wote wamepita. Siku hizi tatu kulikuwa na nini?"

Nikavaa miwani yangu, nikafungua daftari kubwa. Tarehe ya kwanza: lori la maji, liliingia saa mbili kasoro. Tarehe ya pili: lori la maji. Ya tatu: lori la maji. Nikamweleza ambalo kila mtu analijua, kwamba siku maji ya bomba yakikatika lori huleta ya kuendeshea mitambo tu, na bomba la uani hubaki kavu.

"Kwa hiyo siku hizo beseni halikuwa na maji," akasema.

"Lingeyatoa wapi?"

Akakokotoa pale pale, ubavuni mwa daftari langu la kampuni, na sikumzuia. Siku zisizo na maji walikuja watu arobaini na mmoja, wakakataliwa wanne. Siku zenye maji walikuja mia na sabini na watatu, wakakataliwa hamsini na tisa. Alirudia hesabu mara tatu. Kisha akakaa kwenye kiti changu, akakaa kitako kabisa, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Si wajanja," akasema. "Ni ile sabuni inawala ngozi. Na beseni nililiweka mimi, mzee."

Akainuka kama aliyekumbuka moto jikoni. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya tatu ya dada yake, na tarehe ikishaandikwa haisogezwi. Alitoka getini saa kumi na moja na dakika mbili, mkoba wazi, kiatu kimoja hakijafungwa. Nimeandika saa. Kiatu sikuandika.

Asubuhi alifika mapema kuliko mimi, macho mekundu. Jioni iliyopita alikuwa amemkuta dada yake nyumbani, ameketi kizingitini na jiwe la kusugulia visigino, na kile kipande cha sabuni kimebaki chembamba kama jani. Alikuwa akisugua vidole asubuhi na jioni, siku tisa, kwa sababu mdogo wake msomi alimwagiza. Alisugua hata pale vilipoanza kuwasha, akidhani kuwasha ndiko kutakata. Usiku ule walivipaka mafuta na kuvifunga kitambaa, lakini ngozi haioti kwa usiku mmoja. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi siku ile niliona limeliwa na wa kwao peke yake.

Beseni alikuwa amelifudikiza ukutani. Kila aliyefika alifutwa kidole kwa kitambaa kibichi na kuambiwa asubiri kikauke. Walipita wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka kumi na mmoja mfululizo. Wa kumi na mbili alikuwa dada mtu.

Nyekundu. Akambadilishia mkono. Nyekundu. Kwa siku inaruhusiwa kubonyeza mara tatu. Akamwacha apumue, akamfuta taratibu kama anayemfuta mtoto, dada akabonyeza mara ya tatu. Nyekundu.

Nitasema ukweli, nami nina miaka hamsini na minane na mwenye kuniona mbaya aninyooshee kidole. Niliinuka, nikasogeza mdomo dirishani, nikamwambia Dada Kidole:

"Weka chako. Nani ataona?"

Alinitazama. Hakukasirika, na hiyo iliniuma zaidi.

"Nikiweka changu, kesho asubuhi ataingiaje hapo kwako?" akasema. "Atakuja amekibeba kidole changu mfukoni?"

Nikarudi kukaa. Alishika kalamu, na ile safu ya dada yake ikabaki tupu kwa muda mrefu. Nilijua anawaza kuiruka. Asipoandika, hakuna siku ya tatu, na jina halifutwi. Foleni ikaanza kukohoa.

"Andika tu, mdogo wangu," dada akasema.

Akaandika. Dada akachukua kitambulisho chake, akanishukuru mimi, sijui kwa lipi, akatoka.

Saa nne asubuhi hiyo hiyo Dada Kidole aliingia kwa meneja bila kuitwa. Niliyajua baadaye, maana alinisimulia akitembea. Meneja alisoma hesabu, akauliza kama anachoambiwa ni kwamba sabuni ya kiwanda chake ni mbaya. Akamjibu kwamba sabuni ikikomaa haina neno, ila makombo ni makali, na kosa ni la aliyeleta beseni, yaani yeye. Meneja akasema watu arobaini na mmoja ni wachache, huenda ni bahati. Akamwomba wiki mbili bila beseni. Meneja akampa, nadhani ili atoke ofisini, kwa sababu alikuwa hatulii kwenye kiti na anamtia kizunguzungu.

Wiki mbili zile walikuja watu themanini na wanane. Mlangoni palikuwa na kitambaa kibichi, kikavu, na kikopo cha mafuta ya kupaka. Kufuta, kukausha, tone la mafuta kwa mwenye ngozi kavu, kuhesabu mpaka ishirini, kubonyeza. Walikataliwa saba. Meneja akaziandika namba hizo kwa mwandiko wake na kuzituma kwa wakubwa, na jioni ile alinisalimia, jambo linalotokea sikukuu.

Ungedhani sasa Dada Kidole atatulia. Wapi. Alikwenda kudai waliofutwa. Alikuwa amepitia mafaili ya miaka miwili na kupata majina mia na kumi na mawili yaliyofutwa tangu beseni liwekwe. Meneja alivuta pumzi, akakubali nusu: kila mmoja apewe nafasi moja, siku moja, kabla mwezi haujaisha. Akikwama, miezi sita inaanza upya.

Aliwapigia simu wote. Nusu ya namba zilikuwa zimekufa. Wengine walimtukana, akapokea matusi akiwa amesimama, akasema "una haki", akaendelea na jina linalofuata. Kijana mmoja fundi bomba alikuwa ametumia mwaka mzima kwenda ofisi za vitambulisho kuuliza nani anatumia kidole chake. Baada ya simu hiyo Dada Kidole alikuja kunywa maji kwangu kabla ya kupiga nyingine.

Dada yake alikuwa na nafasi moja kama wengine. Muuguzi wa zahanati yetu alisema mistari ya vidole hurudi, ila ikae wiki tatu bila maji ya sabuni. Wiki tatu, na mfuaji asiyefua wiki tatu huwakuta wateja wake wamepata mwingine. Dada hakutaka. Kidole kikikataa tena, alisema, atakuwa hana hiki wala kile. Dada Kidole akamwambia asihofu, amempata mwanamke mmoja mwaminifu wa kumshikia nyumba zake, asubuhi na Jumapili, na nyumba zitamngoja. Dada akakubali. Alifungwa vidole vitambaa, akapakwa mafuta, akakatazwa hata kuosha kikombe.

Wiki hizo tatu Dada Kidole alikuwa akifika getini anahema, mgongo ameushika, upindo wa gauni umelowa. Nilimtania kwamba ameanza uzee kabla yangu. Harufu ya sabuni kwetu si ushahidi, kila mtu ananukia hivyo, kwa hiyo sikuwaza lolote.

Siku ya mwisho ya mwezi dada mtu alikuwa wa kwanza kwenye foleni, ndani kabisa mlangoni mwa usajili. Mdogo wake akafika saa moja na dakika arobaini, akabonyeza dole kwenye mashine ya getini, ile anayoibonyeza kila asubuhi kwa miaka mitano. Nyekundu. Akabonyeza tena. Nyekundu.

Nikacheka. Nakiri nilicheka, nikamwambia leo Dada Kidole kidole kimemkataa, aende usajili wakamhakiki. Hakucheka. Alikuwa ameficha mikono chini ya mtandio, na alipoitoa ili asaini daftari langu niliona. Ilikuwa imechubuka kote, vifundo vimepasuka, ncha za vidole zinang'aa hazina mstari hata mmoja.

"Huyo mwanamke mwaminifu," nikamwambia, "ni wewe."

"Usimwambie dada," akasema, akaingia.

Kupitia dirisha nilimwona akifuta kidole cha dada yake, akikikausha, akitia tone la mafuta. Alihesabu mpaka ishirini kwa sauti, akaruka kumi na saba, akarudi kuanza upya. Dada akabonyeza.

Kijani.

Wengi kwenye foleni walikuwa waliofutwa, na kila mmoja alikuwa anakitazama kidole chake. Dada mtu aliitazama taa mpaka ilipozima. Kisha akaishika mikono ya mdogo wake kwa shukrani, akasita, akaigeuza viganja juu. Mfuaji wa miaka tisa haambiwi mikono ile imetoka wapi. Nilipodhani atalia, akakasirika.

"Nilifua miaka tisa," akasema, "ili mikono hii isifue."

Dada Kidole aliitoa mikono yake taratibu, akashika kalamu kwa shida, akaandika jina la dada yake kwenye safu ya waliopita.

"Sogea kidogo, dada," akasema. "Kuna watu nyuma yako."